Kemikali zisizooza: maji, sufuria, samaki na moshi wa Mombasa (uzi mrefu)

BintiMvita (mwenye uzi)

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Habari za "kemikali za milele" zimeanza kuzunguka kwenye simu zetu, na ushauri unaokuja nazo umevurugika. Mmoja asema chemsha maji, mwingine asema menya ngozi ya samaki, wa tatu asema tupa sufuria zote. Baadhi ya ushauri huo ni wa kweli kwa kemikali moja na haufai kitu kwa nyingine. Asiyejua anapambana na ipi atagharimika bure na sumu itabaki pale pale.

Kwanza tuzitenge. Ziko za klorini: DDT ya kuulia wadudu, PCB zilizokuwa zikitiwa kwenye mafuta ya transfoma, na dayoksini ambazo hakuna anayezitengeneza makusudi bali huzaliwa takataka zikichomwa. Hizi zapenda mafuta. Zikiingia mwilini hukaa kwenye shahamu, kwenye maziwa, kwenye kiini cha yai. Ziko za bromini, zilizotiwa kwenye plastiki za televisheni na kompyuta ili zisishike moto upesi. Halafu kuna PFAS, ambazo ni maelfu, na zote zina kaboni iliyofungamana na florini. Kifungo hicho ni miongoni mwa vifungo vikali kabisa katika kemia ya kaboni. Jua, bakteria na moto wa kawaida havikifungui. Na PFAS mbili zinazojulikana zaidi, PFOA na PFOS, haziendi kwenye mafuta: hujishika na protini, zikakaa kwenye damu na ini. PFOA huchukua takriban miaka 2 hadi 4 kupungua nusu ndani ya mwili wa mtu, hata kama ameacha kabisa kuipata.

Tofauti hiyo ya mafuta na protini ishikeni, kwa sababu itarudi kila tutakapofika jikoni.

Kuhusu madhara, ushahidi mzito ulitoka Parkersburg, West Virginia, Marekani, ambako PFOA ya kiwanda cha DuPont iliingia kwenye maji ya kunywa. Jopo la wanasayansi lilipima watu wapatao 69,000, na kufikia 2012 likasema kuna uhusiano wa kuaminika na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya thairoidi, lehemu nyingi, vidonda vya utumbo mpana, na presha ya wajawazito. Mwishoni mwa 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likaiweka PFOA kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika. Mkataba wa Stockholm wa 2001 wa kuzuia kemikali zisizooza, ambao Kenya imo, uliingiza kwenye orodha yake PFOS mwaka 2009, PFOA 2019 na PFHxS, PFAS nyingine, 2022.

Wenye fani zao karibuni. Naomba hatua na vipimo, tafadhali, tusirushiane hofu.

MamaShufaa

Ahsante dada. Sisi tuna kisima uani, maji twachemsha na kutia dawa ya klorini. Hiyo yatosha?

FundiWaMaji

Mama, kwa kipindupindu na homa ya matumbo yatosha, na usiache. Kwa PFAS haisaidii, na kuchemsha kwaongeza kidogo. Maji yanapungua kwa mvuke, PFAS hazitoki na mvuke, kwa hiyo zinabaki kwenye maji machache zaidi. Ukichemsha lita 5 zikabaki 4, kila lita sasa ina robo zaidi ya ilichokuwa nacho. Klorini nayo haizigusi.

Kabla ya kununua mtambo, tazama kisima kiko wapi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana nyufa. Maji ya juu hushuka kisimani upesi bila kuchujwa na udongo. Kisima cha kushukiwa ni kile kilicho karibu na mahali palipomwagwa povu la kuzimia moto lenye PFAS, jaa la taka, uwanja wa ndege, au karakana ya kupaka vitu rangi na kuvifunika chuma. Kama hakuna hata kimoja jirani, shida kubwa ya kisima chako huenda ni choo cha shimo cha jirani, na hapo klorini yako ndiyo dawa.

Ukihitaji kuchuja, vitu vinavyofanya kazi ni vitatu: makaa amilifu, resini ya kubadilisha ioni (chembe za plastiki zinazonasa kemikali), na RO, ile mashine ya kutoa chumvi.

Kwa makaa, siri iko kwenye muda wa maji kukaa ndani yake. Chukua ujazo wa makaa kwa lita, gawanya kwa lita zinazopita kwa dakika. Tangi la makaa ya chembe lenye lita 10 na maji yakipita lita 1 kwa dakika, umepata dakika 10, na hicho ndicho kiwango ambacho mitambo mikubwa huanzia. Sasa fundi akikufungia chombo cha lita 1 kwenye bomba linalotoa lita 4 kwa dakika, umepata sekunde 15. Maji yatatoka hayana harufu, utafurahi, na PFAS zimepita. Yale makaa ya kusagwa laini na kushindiliwa yanaweza kufanya kazi kwa muda mfupi zaidi kwa kuwa chembe zake ni ndogo, lakini yanunue tu kama kwenye boksi kumeandikwa wazi kwamba yamepimwa kwa PFOA na PFOS chini ya NSF/ANSI 53, kiwango cha Marekani cha vichujio. "Yanaondoa klorini na harufu" ni jambo jingine kabisa.

Makosa yanayoharibu kazi: kutobadilisha. Makaa yakijaa hayazibi, maji yanaendelea kutiririka vizuri tu, na PFAS za mnyororo mfupi, yaani zenye kaboni chache, zinaanza kusukumwa nje na zile ndefu. Ndiyo maana mwenye hoteli au shule afunge matangi mawili yafuatane, na sampuli ichukuliwe katikati yao. Ikionekana PFAS hapo katikati, la kwanza limeshiba. La pili linasogezwa mbele, na makaa mapya yanatiwa kwenye la nyuma. Kwa mpangilio huo unagundua kabla mnywaji hajafikiwa.

Kwa visima vyetu vyenye chumvi, RO ni bora. Inazuia zaidi ya asilimia 90 ya PFAS, ndefu na fupi. Lakini weka makaa mbele yake kama unatia klorini, maana klorini inaunguza utando wake, ambao ndio unaochuja.

Kijana_wa_Likoni

Fundi, mimi nina kile kikalamu cha kupima TDS. Kikionyesha 30 si maji safi hayo?

FundiWaMaji

Hapana kaka, na hili ndilo kosa linalouza mashine nyingi hapa mjini. Kikalamu hicho hupima chumvi kwa miligramu kwa lita. PFAS twaziongelea kwa nanogramu, yaani chini yake mara milioni. Marekani mwaka 2024 iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na kwa PFOS. Piga hesabu: tangi la lita 10,000 lenye kiwango hicho lina miligramu 0.04 ya kemikali hiyo kwa jumla. Hiyo haifiki uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani. Kikalamu hakiwezi kuiona.

Kifaa chako kina kazi nyingine yenye faida: kujua utando wa RO ukoje. Maji yakiingia 1,500 na kutoka 75, utando unazuia asilimia 95 ya chumvi. Siku yakitoka 300, ama utando umechoka ama mpira wa kuzibia umekaa vibaya. Kama chumvi inapita, basi na vingine vinapita. Pima kila wiki, andika ukutani.

Na maji ya taka ya RO, yale matatu au manne yanayomwagwa kwa kila lita moja nzuri, ndiyo yaliyobeba kila kitu kilichozuiwa. Msiyarudishe kwenye shimo lililo karibu na kisima kile kile.

Mkwezi

Je, makaa ya vifuu vya nazi? Huku Pwani vifuu vimejaa, twaweza kujitengenezea chujio?

FundiWaMaji

Kifuu ni malighafi nzuri, ila makaa ya kuchomea nyama na makaa amilifu ni vitu viwili. Ya pili hupitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 mpaka yakafunguka vitundu vidogo mno. Gramu moja ikawa na uso wa mita mraba kama 1,000. Kwenye jiko la uani hufikii hapo kwa usawa. Tena, vitundu vya kifuu ni vyembamba sana, vizuri kwa harufu na klorini, na kwa PFAS ndefu mara nyingi makaa amilifu ya mawe hufanya vizuri zaidi kwa sababu yana vitundu vya ukubwa wa kati. Chujio la vifuu la nyumbani litakupa maji yenye ladha nzuri. Nisingelitegemea kwa hili tunalozungumza.

Mpimaji

Niongezee kuhusu sampuli, kwa sababu maabara hupokea chupa zilizoharibika kabla hazijafunguliwa.

Kipimo ni cha mashine ya LC-MS/MS, inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli. Njia zinazotumika sana kwa maji ya kunywa ni mbili za Marekani: 533, yenye kemikali 25, na 537.1, yenye 18. Ulizeni maabara inatumia ipi kabla ya kulipa, kwa kuwa 533 hushika vizuri zile fupi. Chupa ziwe za plastiki ya polipropilini, mililita 250, zilizotolewa na maabara yenyewe zikiwa na dawa ya kuhifadhi ndani. Usizisuuze, utamwaga dawa.

Siku ya kuchukua, usijipake losheni ya jua wala mafuta ya nywele, usivae koti la mvua wala viatu vilivyotiwa dawa ya kuzuia maji. Nguo ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo nzuri. Ile tepu nyeupe ya fundi bomba ni PTFE tupu, plastiki yenye florini, kwa hiyo usifungue wala kufunga kiungo chochote saa hiyo. Fungua bomba, acha maji yapite dakika 3 hadi 5. Nawa mikono, vaa glavu mpya za nitrili. Kifuniko kishikwe mkononi, kisilazwe popote, na shingo ya chupa isiguse bomba. Jaza hadi mstari.

Jambo linalosahauliwa: chupa ya ushahidi. Maabara hukupa maji safi yasiyo na PFAS. Pale pale kisimani, unayamimina kwenye chupa tupu, unaifunga, na inasafiri na zile nyingine. Kama nayo itaonyesha PFAS, uchafu umetoka mikononi au hewani, na majibu ya kisima hayaaminiki. Bila chupa hiyo una karatasi yenye namba tu. Zote zikae kwenye barafu chini ya nyuzi 10 njiani. Joto letu la Februari ndani ya gari lililofungwa si la kuchezea.

JikoLaBiMkubwa

Sasa tuingie jikoni, na nitakaa hapa kwa muda.

Sufuria za nonstiki zimefunikwa PTFE, iliyopatikana kwa bahati mwaka 1938 huko Marekani na mkemia Roy Plunkett. PTFE yenyewe ni PFAS, ingawa ikiwa ngumu haiyeyuki mwilini. Kipande kikimezwa hutoka kama kilivyoingia. Maandishi "haina PFOA" maana yake ni kwamba ile kemikali moja haikutumika kuitengeneza. Hayasemi kwamba ngozi ile nyeusi haina florini.

Hatari ya jikoni ni joto. PTFE huanza kuharibika karibu nyuzi 260, na ikipita 350 hutoa gesi zinazowaletea watu homa na kifua kubana, na zinaua ndege. Mwenye kasuku nyumbani asiitumie kabisa. Mafuta ya kupikia hutoa moshi yakipita nyuzi 200 na kitu, kwa hiyo moshi wa mafuta ni kengele: punguza moto. Sufuria kavu haina kengele. Ndiyo maana kupika chapati juu ya nonstiki ni matumizi mabaya: kati ya chapati moja na nyingine chuma kiko tupu juu ya moto. Na juu ya jiko la makaa ni vibaya zaidi, kwani kaa lililoiva rangi ya chungwa limepita nyuzi 700 na hakuna kitufe cha kulipunguza.

Chapati zataka tawa la chuma. Jipya lioshe kwa sabuni na brashi kuondoa mafuta ya kiwandani, likaushe juu ya moto mpaka lisiwe na unyevu. Paka mafuta ya kula, kijiko cha chai chatosha tawa zima, kisha lifute kama vile umekosea kulipaka. Likibaki linang'aa kwa mafuta, litatoka na madoa yenye kunata. Liweke motoni, madirisha wazi, hadi liache kutoa moshi. Acha lipoe, rudia mara tatu au nne. Likiisha kuwa jeusi lenye mng'ao hafifu, chapati itateleza. Usilipikie ukwaju wala ndimu wiki za mwanzo, tindikali inalivua.

Sufuria za alumini zinazosubuliwa mitaani kwa vyuma chakavu nazo zina lao: zaweza kutoa risasi, hasa kwa mchuzi wa ukwaju, nyanya au ndimu. Risasi si PFAS, lakini sitaki mtu atupe nonstiki akimbilie huko. Chuma, udongo wa kuchomwa usiotiwa rangi ya kung'aa, na chuma kisichoshika kutu ndivyo vya kuaminika.

Na mwiko mweusi wa plastiki: kweli plastiki nyeusi za jikoni zimepatikana na kemikali za bromini zilizotoka kwenye vyombo vya umeme vilivyoyeyushwa. Ule utafiti wa 2024 wa plastiki hizo, uliovuma, ulikosea kuzidisha. Kikomo cha kemikali moja ya bromini kwa mtu wa kilo 60 kilikuwa nanogramu 420,000 kwa siku, wao wakaandika 42,000, na baadaye wakasahihisha. Bado, kwa nini ukae nao? Mwiko wa mbao na upawa wa kifuu vipo sokoni kwa bei ndogo.

BintiMvita

Bi Mkubwa, na karatasi za kufungia bajia na viazi karai?

JikoLaBiMkubwa

Kuna jaribio la tone la mafuta ambalo mtu yeyote aweza kulifanya mezani. Chukua karatasi, iwe kavu na isiyokunjwa. Kwa ncha ya kijiti weka tone dogo la mafuta ya zeituni au simsim, upana wa milimita 3 hivi. Liangalie kwa pembeni, macho yako usawa wa meza. Karatasi ya kawaida hulinywa tone papo hapo, na ukiinua kwenye mwanga waona doa. Karatasi iliyotandazwa plastiki hulizuia, ila tone hulala bapa, hutawanyika. Tone likisimama duara kama umande juu ya jani la yugwa, likakaa hivyo dakika kadhaa, hapo shuku PFAS. Maji hayawezi kukuambia hivyo, kwani nta nayo hukataa maji. Kinachokataa mafuta ndicho chenye florini mara nyingi.

Nguo nazo ni vivyo hivyo: koti la mvua, mwamvuli, kitambaa cha kochi kilichouzwa kwa sifa ya kutoshika madoa. Maji yakisimama na mafuta yakazama, yaelekea ni nta au silikoni. Vyote viwili vikisimama, yaelekea ni florini. Ni jaribio la kushuku tu, halithibitishi, na kitambaa kilichochakaa kwa kufuliwa chaweza kukudanganya.

Gazeti silo badala nzuri, lina wino. Karatasi ya kaki isiyotiwa kitu, jani la mgomba, au mteja aje na sahani yake.

MvuaYaMasika

Mnahangaika bure. Wataalamu wa Uswidi walisema 2022 mvua ya dunia nzima haifai kunyweka kwa sababu ya hizo PFAS. Kama mvua yenyewe ni sumu, chujio la nini?

Mpimaji

Ndugu, waliyosema ni ya kweli ila yataka kusomwa na kipimo chake. Walilinganisha mvua na ushauri wa Marekani wa Juni 2022, uliokuwa nanogramu 0.004 kwa lita kwa PFOA. Hicho ni kidogo kuliko mashine za kawaida zinavyoweza kupima. Kikomo cha kisheria kilichokuja 2024 ni 4, mara elfu moja zaidi. Umoja wa Ulaya unajumlisha PFAS 20 na kuweka nanogramu 100. Kwa hiyo mvua kuvuka ushauri ule kwaonyesha kwamba kemikali hizi zimefika kila mahali, nami nakubali hilo lasikitisha. Hakumaanishi kwamba mvua na maji ya kisima kilichomwagikiwa povu ni sawa. Visima vya namna hiyo vimepimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa na maelfu ya nanogramu.

Anayevuna maji ya mvua aendelee. Amwage ya mwanzo tu, nusu lita hadi lita moja kwa kila mita mraba ya paa. Paa la mita mraba 40 ni lita 20 hadi 40, ndoo moja au mbili za kuoshea uwanja.

NahodhaMstaafu

Kwenye samaki, dada mwenye uzi alisema kweli kuhusu mafuta na protini. Ushauri wa kumenya ngozi, kukata shahamu ya tumbo na kuchoma juu ya makaa ili mafuta yadondoke unapunguza PCB na DDT. Kwa PFAS haupunguzi kitu cha maana, kwa sababu zimo kwenye nyama na zaidi kwenye ini. Hapo la kufanya ni kuacha maini na mayai ya samaki wa hori za mjini, na kuchagua aliye chini kwenye mlolongo wa kula. Tafi hula mwani. Papa hula wala wenzao, na mwilini mwake hukusanyika kila walichokusanya wao, zebaki ikiwemo.

Kwa wapaka rangi za vyombo: rangi za zamani za kuzuia chaza zilikuwa na TBT, sumu ya bati ambayo mkataba wa kimataifa ulioanza kufanya kazi Septemba 2008 umeipiga marufuku. Tabaka lake laweza kuwa chini ya rangi mpya. Ukikwangua chombo cha zamani, kwangua kikiwa kimelowa, tandika turubai chini upana wa mita mbili zaidi ya ubavu, kusanya magamba yote kabla maji hayajajaa. Yakiingia kwenye tope hukaa miaka mingi na kuwaharibu konokono wa bahari uzazi wao.

MzimaMoto

Povu. Penye mafuta mengi kama Shimanzi na Kipevu lazima povu liwepo, na hakuna anayetaka liondolewe bila mbadala. Swali ni la aina gani. Kwenye mtungi ukiona AFFF, AR-AFFF, FP au FFFP, lina florini. "3%" maana yake lita 3 za dawa kwa 97 za maji, basi lita 200 za dawa zinatoa zaidi ya lita 6,600 za maji yenye PFAS, na yote huenda yanakoelekea mteremko.

Mazoezi yafanywe kwa maji matupu au povu la mazoezi lisilo na florini. Ukibadilisha, usimimine povu jipya juu ya la zamani. Lile la zamani hujishika kwenye kuta za tangi na mabomba, na suuza moja haitoshi. Suuza mara kadhaa, maji ya suuza yakusanywe, kisha pima. Kosa jingine: povu jipya ni zito, na kichanganyio cha zamani hulivuta kidogo kuliko inavyotakiwa. Mtu hugundua siku ya moto. Jaribu kiwango cha mchanganyiko kabla ya kutangaza kwamba umehama.

ChumaChakavu

Mie nawasihi wachoma nyaya. Waya wa shaba una ganda la PVC, plastiki yenye klorini. Klorini, kaboni, shaba na moto hafifu wa nyuzi 200 hadi 450: hiyo ndiyo hali inayozaa dayoksini, na shaba ndiyo inayoharakisha. Ganda lipasuliwe kwa kisu kwa urefu, waya ukiwa umebanwa kwenye ubao wenye mfereji. Ni polepole, lakini shaba isiyoungua huuzwa bei ya juu.

Asiyejua plastiki ipi ina klorini afanye hivi, nje, upepo ukimpiga mgongoni. Pasha ncha ya waya wa shaba kwenye moto wa gesi hadi mwale usiwe na rangi. Gusisha plastiki ichukue kidogo tu, irudishe motoni. Kijani chang'aa: klorini au bromini. Jaribio hili halioni florini, kwa hiyo msilitumie kwa sufuria.

Majivu yakibaki, kuku huja kuparura. Uchunguzi wa mayai ya kienyeji wa 2005 uliojumuisha Dandora, Nairobi, ulikuta dayoksini juu ya kikomo cha Ulaya. Anayefuga karibu na jaa au mahali pa kuchomea taka awafungie kuku kwenye banda la sakafu ya saruji. Kuhamisha moto pekee hakutoshi, udongo wa zamani bado unao.

Na mafuta ya transfoma yasikaribie chakula wala ngozi. Tone lake likizama kwenye glasi ya maji, yaelekea lina PCB nyingi. Likielea hujaokoka: kikomo ni miligramu 50 kwa kilo, na mafuta yenye kiasi hicho huelea vilevile. Hayo ni ya maabara.

MamaShufaa

Nina binti ananyonyesha, amesoma kwamba hizi hutoka kwenye maziwa. Aache?

BintiMvita

Asiache, mama. Ni kweli hupita kwenye maziwa, lakini mashirika ya afya bado yanashauri kunyonyesha, kwani kinga na lishe anazopata mtoto zazidi. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji yenye PFAS hayajamwokoa. Anachoweza kubadilisha ni maji anayokunywa yeye na sufuria anayopikia.

Mkwezi

Swali la mwisho kwangu. Makaa ya chujio yakishiba yatupwe wapi? Kuna anayenishauri niyachomee jikoni.

FundiWaMaji

Usiyachome. PFAS hazivunjiki vizuri chini ya nyuzi 1,000, na jiko litazirusha tu hewani mwa nyumba. Wala usiyatie shambani kama mbolea. Ya nyumbani: yaache yachuruzike ndani ya ndoo, yafunge kwenye mifuko miwili, yaende na taka ambazo hazichomwi. Ya hoteli au shule ni kilo nyingi, basi yawekwe kwenye pipa lenye kifuniko, kivulini, na yachukuliwe na msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Na kwenye tangi jipya la makaa unaloanza kutumia andika kwa kalamu ya rangi tarehe na lita zilizosomwa kwenye mita siku hiyo. Bila namba hiyo hutajua limeshiba lini.